Kiswahili cha Fundi Kinastahili Daftari

Msafiri atokaye Machakos kwenda Kitui hupita Wamunyu, na asiyekuwa na haraka hushuka hapo akanunua twiga wa mti. Mji wenyewe si mkubwa, lakini vinyago vyake vilifika Ulaya na Marekani kabla ya wengi wetu wenyeji kufika Mombasa. Wazee husimulia kuwa Mutisya Munge, mtu wa hapo hapo, alijifunza kuchonga kwa mafundi wa Tanganyika alipokuwa huko wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akarejea nyumbani na ujuzi huo, na kwake ndiko chimbuko la uchongaji wa kibiashara wa Wakamba. Nayataja haya ingawa sikusudii kuandika juu ya vinyago. Nakusudia kuandika juu ya redio ya gari. Mambo haya mawili yameshikana, kama msomaji atakavyoona.

Mwaka 2006, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika isimu, nilizunguka vijiji vya Wamunyu nikiwa na kinasa sauti begani. Niliwahoji wachongaji wazee juu ya majina ya tezo na patasi zao, juu ya namna ya kutambua mhugu kwa harufu na mpingo kwa uzito, na juu ya hatua ambazo gogo hupitia hadi likawa swara. Sauti zao nilizihifadhi katika sidii kumi na moja. Baadaye nilizinakili kwenye kompyuta, na kompyuta hiyo ikaibwa. Zikabaki sidii. Wengi wa wale wazee sasa wamefariki. Aliyesalia ni mmoja, amepita miaka themanini, na akili yake ni kali kama tezo yake. Nilitaka tusikilize pamoja ili anifafanulie maneno ambayo ujana wangu haukuyaelewa wakati ule.

Mzee alikataa katakata vipokea sauti vya masikioni. Alisema hawezi kuzibwa masikio akiwa hai. Hakuipenda pia kompyuta ya kuazima niliyompelekea, kwa kuwa sauti yake ilikuwa nyembamba. Alilolipenda ni kuketi katika gari langu, kiti cha mbele, mlango ukiwa wazi, chini ya mwembe. Basi ikanilazimu sauti za wenzake zitoke katika spika za gari.

Gari langu ni Toyota ya mwaka 2002, lililokuja kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika, kama yalivyo magari mengi tunayoendesha nchini. Redio yake ni ile iliyotoka nayo kiwandani. Mlango wake wa sidii ulikuwa umekufa zamani, lakini kitufe cha kuitia chenja kilikuwa hai, na nyuma ya redio mlikuwa na tundu la plagi ya pini 12 lililokuwa likisubiri mgeni. Vijana waliozaliwa na simu mkononi huenda hawaijui chenja. Ni sanduku dogo lililofichwa katika buti au chini ya kiti, lenye kubeba sahani sita au zaidi, likizibadilisha lenyewe kwa amri ya redio iliyo mbele ya dereva. Sidii yenyewe iliingia sokoni nchini Japani mwaka 1982, sahani ya sentimita 12 yenye kubeba muziki wa takriban dakika 74, na haikupita miaka mingi ikaingia katika magari. Sanduku la kubadilisha sahani lilikuwa fahari ya wenye nazo hadi miaka ya mwanzo ya karne hii. Mimi niliachiwa moja na kaka yangu alipouza gari lake. Lilikuwa limetengenezwa na kampuni nyingine, wala si ile iliyotengeneza redio yangu. Hapo ndipo hadithi inapoanza.

Fundi wa kwanza niliyemwendea yuko Nairobi, nami sitamtaja. Alitazama plagi ya chenja, akatazama tundu la redio, akaona hazilingani. Akachukua koleo akazikata plagi zote mbili, kisha akaunganisha nyaya kwa kufuata rangi: njano kwa iliyofanana na njano, nyeusi kwa iliyoelekea weusi. Alipowasha, fyuzi ililia tiki, redio ikazimika, na pamoja nayo ikazimika saa ya dashibodi. Alinitoza fedha zake kwa kuwa, kwa maneno yake, kazi ilikuwa imefanyika.

Mwanaisimu yeyote angetambua kosa lake mara moja, hata kama hajapata kushika bisibisi. Mwaka 1916 yalichapishwa mafunzo ya Ferdinand de Saussure, aliyekuwa amefariki miaka mitatu kabla yake, yenye fundisho ambalo kila mwanafunzi wetu hulikariri: uhusiano baina ya ishara na kinachoashiriwa ni wa makubaliano tu. Hakuna kitu katika umbile la ng'ombe kinachodai aitwe ng'ombe. Vivyo hivyo hakuna kitu katika umeme kinachodai rangi ya njano. Katika redio za kununuliwa madukani, waya wa njano aghalabu hubeba umeme wa betri usiokatika, mwekundu hubeba umeme unaokuja baada ya kuzungusha ufunguo, na mweusi huenda kwenye bati la gari. Katika Toyota nyingi mambo ni mengine kabisa: umeme wa daima hupita katika waya wa buluu wenye mstari wa njano, wa ufunguo hupita katika waya wa kijivu, na wa bati ni wa kahawia. Fundi yule alisoma lahaja moja kwa kamusi ya lahaja nyingine. Aliona njano akadhani anaijua njano.

Nililikokota gari hadi Wamunyu kwa sababu ndiko nilikokuwa naelekea, wala sikutarajia kupata msaada huko. Karibu na soko, baina ya kibanda cha mchongaji na duka la mbegu, nilimkuta kijana amelala chali chini ya dashibodi ya matatu, miguu nje. Alitoka, akajipangusa mikono, akanisikiliza hadi mwisho. Jambo hilo peke yake lilinishangaza. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Mwalimu, ndani ya hizo sidii mna nini?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa.

"Basi kabla ya kuzipigisha kwenye mashine nisiyoijua, si uzinakili kwanza? Sidii za kuchomwa nyumbani si kama za dukani. Zile za dukani zimepigwa muhuri. Hizi zako zimeandikwa kwenye rangi, na rangi huchakaa hata zikikaa kabatini."

Alikuwa na haki, nami niliona aibu. Mimi mwenye shahada tatu nilikuwa karibu kuzitia sauti za marehemu katika sanduku lililokaa miaka kumi bila kuwashwa. Tukakubaliana kuwa nitazinakili kwanza pale mjini, kwa mtu mwenye kompyuta ya zamani yenye mlango wa sahani. Tisa zilisomeka. Mbili zilizunguka, zikakwaruza, zikagoma. Nitarudi kwazo.

Baada ya hapo kijana aliiweka chenja mezani, akapima kila waya kwa kipimo chake, akaandika kwa kalamu kwenye vipande vya tepu nyeupe, na kila kipande akakibandika kwenye waya wake. Nilivisoma kimoja kimoja. MOTO WA DAIMA. MOTO WA UFUNGUO. EATHI. SAUTI KUSHOTO. SAUTI KULIA. Mbili zilizosalia aliziandikia HODI.

Nilimuuliza hodi ni nini.

"Hizo ni nyaya za kuzungumzia, mwalimu. Ukibonyeza kitufe, redio haifungui masikio ovyo ovyo. Kwanza inapiga hodi huku nyuma: kuna mtu? Chenja ikiitikia karibu, redio inafungua. Ikinyamaza, redio inasema hakuna kitu, hata ukiiletea muziki mlangoni. Na hii yako inaitikia, ila kwa lugha yake. Redio haiielewi."

Ninawafundisha wanafunzi wangu kila mwaka kwamba mwaka 1960 mwanaisimu Roman Jakobson alibainisha dhima sita za lugha, na kwamba mojawapo ni ile ya kuhakikisha kuwa njia ya mawasiliano iko wazi: yale maneno yasiyobeba habari yoyote ila kuulizana kama tungali pamoja. Mfano ninaoutoa ni "haloo" ya simu. Miaka yote hiyo sikupata kufikiria kwamba "hodi" na "karibu" ni mfano bora zaidi, wenye muulizaji na mwitikiaji, na mlango usiofunguka mpaka jibu lipatikane kwa namna inayotambulika. Kijana wa Wamunyu aliufikia bila ya Jakobson, akauandika kwenye tepu.

Na jambo lenyewe ndivyo lilivyo. Kebo ya chenja hubeba mambo ya namna tatu: umeme wa kuiendesha, sauti yenyewe, na mazungumzo ya amri. Umeme ni ule ule kwa wote, volti 12. Sauti nayo haina ukabila. Mazungumzo ndiyo yenye lugha. Pioneer waliyaita mazungumzo yao IP-Bus, Sony wakayaita UniLink, Alpine wakayaita Ai-NET, na Toyota katika magari ya miaka hiyo walitumia utaratibu uitwao AVC-LAN. Kila mmoja alijenga lugha isiyoeleweka na jirani. Ipo hata kanuni ya kimataifa ya plagi za redio za gari, ISO 10487, inayogawa plagi katika sehemu: sehemu moja ya umeme, nyingine ya spika, na ya tatu ya vifaa vya nyongeza kama chenja. Magari mengi ya Ulaya huifuata, lakini katika sehemu ile ya tatu makubaliano yaliishia kwenye umbo la plagi. Yanayosemwa ndani yake yalibaki ya kila kampuni. Ni kama kuwapa watu alfabeti moja ukidhani umewapa lugha moja. Mswahili, Mkamba na Mwingereza wote huandika kwa herufi za Kirumi, na barua ya mmoja bado yahitaji mkalimani ili mwingine aielewe.

Zipo njia za kukwepa mkalimani. Kuna kifaa ambacho mafundi hukiita modyuleta, kinachochukua sauti na kuirusha kama kituo kidogo cha redio kupitia waya wa eriali. Redio hudhani inasikiliza utangazaji wa kawaida. Njia hii ina kasoro, kwa kuwa utangazaji wa FM hukata sauti nyembamba zinazopita kilohezi 15, ilhali sidii hufikia 20. Hata hivyo kwa mazungumzo ya wazee ingetosha. Hapa pana kichekesho cha magari yetu. Redio za Japani zilitengenezwa kupokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, ilhali vituo vyetu hutangaza baina ya 87.5 na 108. Ndiyo maana mtu hununua gari zuri akakuta redio yake inashika vituo viwili vitatu tu, mpaka afungiwe kifaa cha kuyashusha masafa. Kwa modyuleta ufinyu huo si tatizo, kwa sababu nyingi hurusha karibu na 88, mahali ambapo Mjapani na Mkenya wanakutana kwa bahati. Lakini chenja ya kaka yangu haikuwa na vitufe vyake yenyewe. Bila ya kuamriwa na redio inayoielewa, isingezungusha hata sahani moja. Modyuleta ingepewa sauti na nani?

Mkalimani akawa hana budi. Kijana alinieleza kuwa viliwahi kuuzwa visanduku vidogo vyenye kompyuta ndani yake, upande mmoja plagi ya Toyota, upande wa pili plagi ya kampuni ya chenja. Redio ikipiga hodi, kisanduku huitikia kana kwamba ni chenja ya Toyota, kisha hugeuka na kuipa chenja amri kwa lugha yake. Alikwenda mwenyewe Nairobi, barabara ya Kirinyaga, akapekua vibanda siku nzima, akarudi na kimoja kilichong'olewa katika gari kuukuu. Plagi zilizokatwa na mwenzake alizirejesha waya kwa waya kwa risasi ya kulehemu, akavalisha kila kiungo mpira wake. "Plagi haikatwi," aliniambia. "Ukikata, fundi atakayekuja baada yako hana pa kusomea."

Ilipiga. Lakini kila nilipokanyaga mafuta ulisikika mluzi katika spika, ukipanda na kushuka pamoja na injini. Nilidhani mkalimani ndiye mwenye kasoro. Kijana alicheka. Chenja ilikuwa imepata eathi yake kule kwenye bati la buti, na redio ilikuwa na eathi yake mbele. Baina ya sehemu hizo mbili mlikuwa na tofauti ndogo ya umeme, na vishindo vya altaneta vikapata njia ya kupita katika waya wa sauti. Akauvuta waya wa eathi wa chenja mpaka mbele, akazifunga eathi mbili kwenye skrubu moja. Mluzi ukakoma. Mambo yote hayo aliyaeleza kwa Kiswahili, akichanganya hapa na pale neno la Kikamba, wala hakukwama hata mara moja.

Sasa nafika kwenye lililonifanya nishike kalamu. Nilimuuliza kijana kama ana cheti. Alisema alikwenda kufanya mtihani wa ufundi, akafaulu sehemu ya mikono, akaanguka sehemu ya kuandika. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Aliulizwa jambo juu ya eathi, akalijua jibu, lakini swali lenyewe hakulielewa vyema, na jibu lake hakuweza kuliandika. Alipofika kibandani kwake alijibiwa na mteja wa kwanza aliyeleta gari lenye mluzi.

Walimu wenzangu, tulitafakari hili. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulileta mambo mawili kwa pamoja. Ulikusudia kumpa mwanafunzi ufundi wa mikono, na ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa. Mageuzi hayo mawili yalizaliwa na mama mmoja, na katika maisha yao yote hayakuwahi kusalimiana. Kiswahili kiliketi darasani na ngeli, methali na riwaya. Ufundi uliketi karakana na kitabu cha Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010 ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Mtaala wa umilisi ulioanza kote nchini mwaka 2019 unazungumza sana juu ya stadi. Hata hivyo, nikipekua vitabu vya Kiswahili vya shule, naona insha za tawasifu, barua rasmi, hotuba na mahojiano, na mara chache sana naona maelezo ya kazi halisi yaliyoandikwa ili mtu mwingine aifanye kazi hiyo na ifanyike.

Watakuwapo wa kunijibu kwamba Kiswahili cha gereji ni Kiingereza kilichovalishwa irabu. Eathi, fyuzi, plagi, spika: hiyo ni lugha? Nawajibu kwamba hiyo ndiyo tabia ya lugha yetu tangu awali, na hatukuwahi kufa kwa ajili yake. Neno "simu" lilitujia kutoka Kiajemi likiwa na maana ya waya. Redio ilipofika, baadhi ya watu waliiita simu ya upepo, maana yake ya asili ikiwa waya wa upepo, na leo tunazo simu zisizo na waya wowote na hakuna anayecheka. "Santuri" nalo ni jina la ala ya nyuzi ya Mashariki, lakini kwetu likawa sahani nyeusi ya gramafoni, kama zile alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928. Sidii ni mjukuu wa santuri, na hakuna kosa kumwita kwa jina alilokuja nalo.

Isitoshe, wanaodharau msamiati wa fundi hawajausikiliza. "Moto wa daima" na "moto wa ufunguo" si maneno ya kukopa. Ni istilahi zilizoundwa kwa kanuni zile zile tunazofundisha vyuoni: nomino, kihusishi, nomino, jinsi moja na aina zake mbili, tofauti ikiwekwa pale ambapo kazi yenyewe inatofautiana. Kamati ya wasomi ingehitaji semina mbili na kikao cha kahawa ili kufikia hapo. Nimewahi kuketi katika vikao vya namna hiyo. Tulitoka na maneno mazuri, yakachapishwa, na hayajapata kutamkwa na mtu mwenye mafuta mikononi.

Sisemi kila neno la kibandani liingizwe kamusini. "Chenja" lenyewe silipendi, kwa kuwa liko karibu mno na "chenji" ya dukani. Na si kweli kwamba mafundi wote husema sawasawa: "moto" wa Wamunyu huenda si "moto" wa Kisumu wala wa Tanga, na huko kuna uwezekano wa ajali ya kweli, si ya nahau tu. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuyakusanya. Lahaja haisanifishwi kabla ya kusikilizwa. Waliosanifisha Kiswahili katika miaka ya 1930 walikuwa angalau na orodha za maneno ya Unguja na Mombasa mbele yao. Sisi kuhusu Kiswahili cha umeme, cha injini, cha mabomba na cha kuchomelea vyuma, orodha zetu ni chache na nyingi zilianzia mezani.

Ninalopendekeza kwa walimu wa Kiswahili ni dogo na halihitaji fedha za serikali. Muhula mmoja, badala ya insha moja ya "Siku nitakayoikumbuka daima", mpeleke mwanafunzi akakae na fundi asubuhi nzima. Awe fundi wa redio, wa baiskeli, wa cherehani, au mchongaji. Amwombe amweleze kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho, aiandike kwa Kiswahili, kila kifaa kwa jina ambalo fundi amelitumia, kila hatua mahali pake. Kisha karatasi hiyo apewe mwanafunzi mwingine ambaye hakuwapo, ajaribu kuifanya kazi hiyo fundi akisimama kando. Insha ya namna hii haisahihishwi kwa kalamu nyekundu. Inasahihishwa na fyuzi. Aliyeandika "unganisha waya mweusi" bila kusema mweusi wa upande gani atajua maana ya utata katika sentensi, na hatausahau hadi siku ya kuzikwa.

Na wanafunzi nanyi, msidhani kazi hiyo ni ya chini ya hadhi ya fasihi. Kuandika maelezo ambayo mtu mgeni anaweza kuyafuata gizani chini ya dashibodi ni kazi ngumu kuliko kupanga methali kumi katika ukurasa mmoja. Nimewahi kusahihisha tasnifu ambazo mwandishi wake asingeweza kuniambia ni waya upi uende wapi.

Upande wa vyuo vikuu lawama ni yetu wenyewe. Nilikwenda Wamunyu mwaka 2006 kurekodi msamiati wa wachongaji kwa sababu uchongaji ulionekana kuwa "utamaduni", na msimamizi wangu aliukubali bila swali. Kibanda cha fundi wa redio kilikuwa pale pale, hatua ishirini kutoka nilipoketi, nami sikukiona. Nilidhani maneno yanayopotea ni ya wazee peke yao. Kumbe hata ya kijana hupotea, tena upesi zaidi. Chenja zimekwisha kutoweka katika magari mapya. Muziki sasa hutoka katika simu na kupita hewani bila plagi. Katika miaka kumi hakutakuwa na fundi mwenye haja ya kuandika HODI kwenye tepu. Mchongaji anayo mti, na mti ungalipo ingawa mpingo umeadimika. Fundi wa redio maneno yake hufa pamoja na mashine.

Jumamosi iliyofuata nilimpeleka mzee chini ya mwembe. Nilibonyeza kitufe, redio ikapiga hodi yake, sahani ikazunguka kule nyuma, na sauti ya rafiki yake aliyefariki mwaka 2013 ikatoka katika spika ya mlango wake. Mzee hakusema neno kwa dakika nzima. Kisha akanyoosha mkono.

"Rudisha. Hapo alikudanganya. Hakutaka ujue."

Nikarudisha. Kumbe lile neno ambalo katika tasnifu yangu nilikuwa nimelieleza kuwa jina la aina ya tezo lilikuwa mzaha wa wachongaji juu ya mwanafunzi mwenye maswali mengi, na ukurasa mzima wa uchambuzi wangu ulisimama juu yake. Tulisikiliza sahani nne siku hiyo, mzee akicheka hadi akatokwa na machozi, nami nikiandika. Kijana alikuja jioni kuchukua salio la fedha zake, akabaki nje ya mlango akisikiliza pamoja nasi. Zile sahani mbili zisizosomeka amezichukua. Anasema anamjua mtu mjini Machakos mwenye mashine ya zamani yenye jicho kali zaidi, na kwamba tusizifute wala kuzipangusa mpaka arudi.